Afande, Wewe Huogopi?

Swali hili hunijia kila tunapopokea vijana wapya, na halijawahi kuulizwa mbele ya watu. Kijana husubiri mazoezi yaishe, akajifanya anakunja mpira wa maji karibu nami, kisha akaliachia taratibu: "Afande, ukiingia kwenye moshi, wewe huogopi?"

Naogopa. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika zimamoto na uokoaji, na bado king'ora kikilia usiku tumbo hunikaza kabla sijavaa buti. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu wengi wenu mnakuja mkiamini kwamba kuna watu walioumbwa majasiri na wengine walioumbwa waoga, na kwamba siku ya moto wa kwanza ndiyo itakayotoa hukumu mko upande gani. Imani hiyo imewatesa vijana wazuri wengi. Wengine imewafukuzisha kazi, na wengine imewaingiza mahali ambapo hawakupaswa kuingia.

Niwasimulie siku yangu. Nyumba ya ghorofa mbili, moto uko juu, moshi mweusi unatoka madirishani kama unaosukumwa. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo kuliko zote: kuunga mpira kwenye gari. Uwanjani nilikuwa nimeifanya mara nyingi mno, hata nikiwa nimefumba macho. Siku ile vidole vilikataa. Nilikiona kiungo kimekaa mkononi mwangu, nikauona hata mkwaruzo mdogo ubavuni mwake, lakini kukigeuza sikuweza. King'ora kinalia nyuma ya kichwa changu, sikisikii. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukagandia kaakaani. Sajenti wetu hakunifokea. Alikuja akaniwekea mkono begani, mkono mzito, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Geuza kulia." Nikageuza. "Sasa vuta uone kama kimeshika." Nikavuta. Maji yakaenda.

Kwa miaka mingi niliificha siku ile. Nilipokuja kusoma ndipo nikaelewa kwamba mwili wangu haukunisaliti. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alieleza jinsi mnyama aliyeshtuka anavyotayarishwa kupigana au kukimbia. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, sukari huongezeka kwenye damu, na damu hiyo hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi ili ipelekwe kwenye misuli mikubwa. Unapewa nguvu ya kuvunja mlango na unanyang'anywa wepesi wa kufunga kifungo. Upeo wa macho hubana ukaona kitu kimoja tu, na masikio yanaweza kuziba sauti hata iliyo kubwa.

Ukishalijua hilo, unaweza kupanga kazi yako. Kila kinachotaka vidole kimalizeni mkiwa mbali na moto: vifungo, mikanda ya barakoa, kuangalia kipimo cha mtungi wa hewa. Mkiukaribia moto, bakizeni kazi za mikono mizima na mabega. Ukijikuta unakodolea kitu kimoja, geuza kichwa kwa makusudi, kushoto, kulia na juu, maana dari ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Na pumzi: vuta kwa pua, kisha itoe polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mapigo ya moyo hushuka. Fanya mara tatu nne garini, mkiwa njiani. Mimi hufanya hadi leo, na wanaokaa kando yangu wanajua wakati huo hawanisemeshi.

Cannon alitaja mawili, kupigana na kukimbia. Sisi kazini tunakutana zaidi na la tatu, nalo ni kuganda.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya shirika la Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu ukiwa umetanda. Walikufa watu 583. Walionusurika walikuwa 61, wote wa ndege ya Pan Am, na miongoni mwao wapo waliosimulia jambo ambalo halijanitoka kichwani: waliwaacha wenzao wamekaa vitini, macho mbele, mikono imekunjwa, wasijaribu hata kunyanyuka, na moto unakuja. Mwanamke mmoja aliyetoka alisema naye alikuwa ameganda hivyo hivyo. Kilichomtoa ni sauti ya mumewe akimwambia amfuate. Mume huyo alikuwa na desturi tangu utotoni, baada ya kukutwa na moto ndani ya jumba la maonyesho: kila alipoingia mahali alitafuta milango kwanza. Wakiwa wanasubiri kuruka, aliichukua ramani ya milango ya dharura akaisoma.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Simjui mtu yule na siwezi kusema moyo wake ulikuwa wa namna gani. Ninachoweza kusema ni kwamba moto ulipokuja, kichwani mwake kulikuwa na kitu kilicho tayari. John Leach, mwanasaikolojia aliyechunguza walionusurika katika majanga mbalimbali, anaeleza kwamba watu wengi, kama robo tatu hivi, huduwaa tu. Wanaobaki na akili timamu tangu mwanzo ni wachache, kama mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo. Hao robo tatu si wajinga wala si waoga. Akili zao zinatafuta mpango unaofanana na kinachotokea, haziupati, na kuutengeneza mpya huchukua muda ambao hatari haiutoi. Hiyo ndiyo sababu tunawachosha kwa mazoezi yale yale, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mnanung'unika. Tunawawekea mpango kichwani ili siku ile msianze kuutafuta.

Lipo jambo linalotangulia hata kuganda, nalo naliona kila mwezi: watu hawaamini. Unafika kwenye jengo, kengele ya moto inalia ghorofa zote, unawakuta wamesimama koridoni wakitazamana. Kila mmoja anausoma uso wa mwenzake. Mwenzake ametulia, kumbe naye anausoma uso wa huyu.

Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley walilipima jambo hili. Waliwaweka watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara nyingi alitoka kwenda kutoa taarifa. Robo tatu yao walifanya hivyo. Walipokaa watatu, wote wageni wa jambo lile, vikundi vilivyotoa mtu wa kuripoti vilikuwa asilimia 38. Na pale mmoja alipokaa na wawili waliopangwa wasijali, ni mmoja tu kati ya kumi aliyenyanyuka. Waliobaki walipunga moshi kwa mikono, wakakohoa, wakafikicha macho, wakaendelea kujaza fomu.

Nimeutafakari moshi ule mara nyingi, kwa sababu kilichowashikilia pale si woga wa moto. Ni haya, yaani aibu. Mtu anaogopa kuonekana kituko, anaogopa kupiga kelele halafu ikawa si kitu. Kwa niliyoyaona mimi, haya inaua watu ambao woga ungewaokoa. Mwoga angekuwa keshatoka zamani. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi sioni kwamba walikuwa wanamcheka kunguru.

Ndiyo maana nikiulizwa ushujaa ninaoukumbuka, mara nyingi sitaji mtu aliyebeba mtu. Namtaja Walter Bailey. Alikuwa na miaka 18, kazi yake kuondoa vyombo mezani katika ukumbi wa starehe wa Beverly Hills Supper Club, jimbo la Kentucky, Marekani. Usiku wa tarehe 28 Mei 1977 moto ulianza upande mwingine wa jengo. Katika ukumbi mkubwa walijaa watu zaidi ya 1,000 wakiwatazama wachekeshaji. Kijana yule, wa mwisho kabisa kwa cheo, alipanda jukwaani mbele ya watu waliovaa vizuri kuliko yeye, akachukua kipaza sauti, akawaonyesha milango iko wapi, akawaambia watoke, kuna moto. Wapo waliodhani ni sehemu ya mchezo wakabaki wamekaa. Wengi walinyanyuka. Moto ule uliua watu 165, na bila yeye idadi ingekuwa nyingine kabisa.

Fikirini alichokikabili pale ngazini pa jukwaa. Moto ulikuwa haujaonekana bado. Alikabili macho ya watu, na hofu ya kufukuzwa kazi kama amekosea. Ninyi mtakabiliwa na hilo kabla ya moto wowote. Utaona kiungo kimevuja, utaona mwenzako mkubwa kwa cheo amesahau kufungua valvu, utasikia dari inalia namna usiyoipenda, na koo litakuziba kwa sababu wewe ni mgeni. Sema. Sema hata sauti ikitetemeka. Katika zamu yangu hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kusema akakosea, na ninyi mtakaopewa vyeo siku za usoni, lindeni jambo hilo kwa nguvu zote.

Usiku huo huo wa Kentucky kuna jambo jingine. Wahudumu wengi waliwaongoza nje wateja wa meza walizokuwa wakihudumia. Hawakuokoa ukumbi mzima. Waliokoa meza zao. Mtu mwenye kazi mkononi hazinduliwi na ujasiri, anazinduliwa na kazi yenyewe. Kwa hiyo mkifika kwenye tukio, msiwafukuze watu kama kuku. Mchague mmoja, mtazame machoni: "Wewe mwenye shati la bluu, shika mlango huu usijifunge." "Mama, wahesabu watoto hawa, usimwache hata mmoja atoke mkononi mwako." Nimeona mtu aliyekuwa anatetemeka na kulia akapewa tochi aangazie ngazi, na akasimama pale nusu saa kama nguzo.

Na msiamini kwamba umati ukiingiwa na hofu hugeuka wanyama. Mnaposikia watu wamekanyagana, ulizeni kwanza mlango ulikuwa na upana gani na nani aliufunga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, wa picha za kamera za barabarani kutoka Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, uliangalia ugomvi 219 uliotokea mbele ya watu. Katika matukio tisa kati ya kumi alikuwepo angalau mpita njia mmoja aliyeingilia kusaidia. Hayo ndiyo ninayoyaona nami: majirani wanafika kabla yetu, wakiwa na ndoo na mablanketi. Tunapofika sisi, wako wanaohitaji kuzuiwa kuliko wanaohitaji kuhimizwa.

Hapo nafika kwenye kilio. Kuna msemo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tulipokuwa kundi moja la mafunzo alikuwepo mwenzetu aliyetuzidi sote kwa nguvu na kwa moyo. Tukio moja, mwaka wake wa tatu, alisikia mtu anaita ndani. Hakungoja mtungi wa hewa. Alisema anaingia na kutoka. Moshi wa nyumba ya leo, yenye godoro la sponji na plastiki kila kona, haumwachi mtu aingie na kutoka. Tulimtoa sisi, na aliyekuwa anaita tukamtoa dakika chache baadaye kupitia dirisha la nyuma, mzima. Nimeacha kumwita mzembe, na shujaa wa kuigwa pia simwiti. Alimpenda mtu aliyekuwa anaita. Lakini alitulazimisha tuwe na watu wawili wa kuwaokoa badala ya mmoja, na mama yake akabaki na picha ukutani.

Maji ni hivyo hivyo. Mtu anazama, ndugu yake anaruka, tunaopoa wawili. Nyosha mti, tupa kamba, tupa dumu tupu lenye kifuniko, sukuma mtumbwi, na kuruka kuwe mwisho wa yote, tena kwa aliyefunzwa, akiwa na kitu kinachoelea.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuweka ujasiri katikati, kati ya woga na papara. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza niliona ni maneno ya darasani. Nikaja kusoma habari za mwanamke mmoja ambaye wataalamu wanamtaja kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa wa nadra uliharibu amigdala zake, sehemu mbili ndogo za ubongo zenye umbo la lozi, ambazo zinahusika sana na hofu. Hakuogopa nyoka. Mtu aliwahi kumshikia kisu usiku katika bustani, na kesho yake akapita bustani ile ile. Maisha yake yalijaa hatari za namna hiyo, kwa sababu hakuwa na cha kumwambia ajiepushe. Hakuna anayeweza kuuita huo ujasiri. Tangu hapo nawaambia vijana: ukija kwangu ukasema huogopi kitu, sikufurahii. Nakupanga nyuma yangu nikuangalie.

Na kuna ujasiri wa kuacha, ambao kwa watu wa kazi yetu ni mgumu kuliko wa kuingia. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch huko Montana, Marekani, kikosi cha wazimamoto wa kuruka kwa miavuli kilizingirwa na moto wa nyika uliopanda mlima kwa kasi kuliko wanavyoweza kukimbia. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwaambia waache zana. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa: aliwasha kiberiti, akachoma majani yaliyokuwa mbele yake, akaingia kwenye eneo lililokwisha kuungua na kulala kifudifudi ndani ya majivu, akiwaita wamfuate. Hakuna aliyemfuata. Yeye aliamka mzima, moto mkubwa ulikuwa umempitia pembeni. Wawili walifika kileleni kwa mbio wakapona. 13 walikufa.

Watu huisimulia habari hii kwa ajili ya akili ya Dodge, na kweli ni akili ya ajabu. Mimi huwafikiria wale waliompita wakikimbia. Wengi wao walikuwa hawajafanya naye kazi ya kutosha. Mtu usiyemjua anawasha moto mbele ya moto, anakuita uingie. Miguu yako itamwamini vipi? Kumwamini kiongozi wakati wa hatari hutengenezwa siku za kawaida, mkiosha gari pamoja, mkila pamoja, yeye akikubali mbele yenu kwamba jana alikosea. Kwa hiyo msione muda wa kukaa kituoni bila tukio kuwa muda wa bure. Muda huo ndio mnaojifunza sauti ya nani ifuatwe bila maswali.

Baada ya tukio mtatetemeka. Wengi hutetemeka baadaye kuliko wakati wenyewe, na wengine huona njaa kali, wengine hucheka ovyo, wengine hawalali siku mbili tatu. Msilichimbue kila wakati na msilifukie. Zungumzeni na mliyekuwa naye ndani, kwa sababu yeye hahitaji kuelezwa moshi ulikuwaje. Kama wiki zinapita na bado unaisikia sauti ile ile usiku, nenda kwa mtaalamu, kama unavyokwenda ukivunjika mkono. Kuna wakati mmoja nilichelewa kwenda, na familia yangu ndiyo iliyolipa.

Jueni pia kwamba ujasiri hauji kwa kipimo kimoja kila siku. Yule aliyepanda ghorofa ya nne juzi anaweza kuganda leo kwenye mlango wa jiko, kwa sababu hakulala, au kwa sababu anayelia ndani ana sauti kama ya mwanawe. Ukimwona mwenzako ameganda usimcheke na usimpite. Mwekee mkono begani, mpe neno moja la kufanya, kisha la pili.

Mwaka jana kijana mmoja wa zamu yangu aliganda kwenye ngazi. Alikuwa wa pili mstarini, nyuma yangu, mpira ukakaza ghafla. Nikageuka nikamwona ameshika reli kwa mikono miwili. Tulimaliza kazi, hakuna aliyeumia. Usiku ule hakula, na asubuhi nikamkuta ameandika barua ya kuacha kazi, ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Sikuiomba. Nilimwambia avae.

Tulikwenda kwenye mnara wa mazoezi wawili tu, nikawasha moshi wa mazoezi, nikampa nozeli, ule mdomo wa mpira wa maji, ashike yeye atangulie. Pale kwenye ngazi ya tatu alisimama. Nikamwekea mkono begani. "Mguu wa kulia," nikasema. Mikono ilikuwa inamtetemeka hadi nozeli ikawa inagonga reli, tik, tik, tik, na mguu wa kulia ukapanda.